Kwa mnaoripoti kazini uwanja wa ndege wa Songwe

Tiketi imeandikwa 07:00. Abiria ametoka Kyela, amefika kaunta saa tano na nusu asubuhi, amejiwekea saa moja na nusu nzima kabla ya safari kama alivyoagizwa. Ndege yake iliondoka saa moja asubuhi. Mtu huyu si mzembe. Ameona saba akasoma saa saba, na kwa lugha yake hajakosea.

Nimeanza na yeye, wadogo zangu, kwa sababu chuoni hawakuwafundisheni habari zake. Mmetoka huko mnajua aina za ndege na mizigo ya hatari, na hayo mtayahitaji. Lakini kazi ya kwanza katika uwanja wa mkoa ni kuhakikisha kwamba neno ulilolisema ndilo lililosikika. Hapa tunaishi na saa tatu kwa wakati mmoja. Ipo saa ya Kiswahili, ipo saa ya tiketi, na ipo saa ya dunia, UTC, inayotumika mnarani, kwa waongozaji wa ndege, na ofisi ya hali ya hewa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ndege ya saa moja asubuhi kwenye tiketi ni 07:00, na mnarani ni 0400. Ukisikia wenzako wa hali ya hewa wakisema ukungu unatarajiwa kuachia 0500, usiende kuwatangazia abiria saa tano. Wamesema saa mbili asubuhi.

Dawa yake ni ndogo: taja saa pamoja na kipindi cha siku, kila mara, hata kwa mtu aliyevaa suti. Mzee akija kununua tiketi, chukua kalamu umwandikie juu yake "saa 1 asubuhi, fika saa 11 alfajiri". Nimefanya hivyo miaka mingi na sijaona aliyekasirika.

Sasa mahali penyewe. Uwanja huu ulianza kupokea ndege Desemba 2012, ukachukua nafasi ya ule wa zamani uliokuwa mjini Mbeya, mfupi, usioweza kupokea ndege kubwa. Wageni wengi hudhani upo Mkoa wa Songwe. Upo Mkoa wa Mbeya, kwenye bonde la Songwe, ukipita Mbalizi kwa barabara ya Tunduma. Mkoa wenye jina hilo ulianzishwa 2016, uwanja ukiwa tayari unafanya kazi. Mwelezeni hivyo anayepiga simu kutoka Vwawa au Dar es Salaam, maana jina hili limeshawapoteza madereva. Njia ya kurukia ina urefu wa mita 3,330, na ndiyo iliyofungua mlango: mwaka 2013 zilianza safari za ndege za jeti za nauli nafuu, na baadaye Air Tanzania ikaja na Dash 8 za viti 76 na Airbus A220 za viti 132. Kwa miaka mingi, hata hivyo, hapakuwa na taa za kuongozea ndege. Jua likizama, kazi imekwisha. Ndege iliyochelewa Dar es Salaam alasiri ilikuwa inakimbizana na machweo, na ikishindwa, watu wote walilala walipo. Mnaokuta taa zinawaka, jueni kwamba zilisubiriwa sana, na zikaguliwe kwa heshima hiyo.

Taa lakini haziondoi ukungu, na ukungu ndio utakaokupima hapa. Msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, ardhi imelowa. Usiku inapoa, unyevu unageuka vitone vidogo hewani karibu na ardhi, na asubuhi bonde limejaa weupe kama wa maziwa ya ng'ombe. Wataalamu huuita ukungu pale mtu asipoweza kuona mbali zaidi ya mita 1,000. Kila utaratibu wa kutua una kimo chake cha mwisho cha kushukia: rubani akikifikia bila kuiona njia ya kurukia, sheria inamtaka apae tena. Anaweza kuzunguka kidogo akisubiri, lakini mafuta yanahesabiwa, na lazima yabaki ya kumfikisha uwanja mwingine. Akigeuza, amefanya kazi yake vizuri. Muelewe hilo ninyi kwanza, ndipo muweze kumweleza mtu aliyeisikia ndege juu ya kichwa chake ikiunguruma kisha ikaondoka.

Asubuhi moja ya Februari ukungu ulishuka hadi hatukuiona bendera mbele ya jengo. Ndege ilikuwa bado Dar es Salaam, haijapaa. Msimamizi wangu, katika kampuni niliyokuwa naifanyia kazi wakati huo, alituagiza tuseme iko njiani, ili watu wasianze kudai nauli zao. Nami nikasema. Alikuwapo mama mtu mzima kutoka Tukuyu, ana miadi ya kliniki Dar es Salaam kesho yake asubuhi. Aliniuliza mara tatu. Mara zote tatu nikamjibu, "Iko njiani, mama." Mchana safari ikafutwa. Wakati ule mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku, na ya asubuhi yote yalikuwa yameshaondoka. Kwa barabara Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kama ningemwambia ukweli saa kumi na mbili na nusu, angeweza kuwahi stendi na kufika usiku uleule. Hakunigombeza. Aliniambia "Ndaga, mwanangu," yaani asante, akabeba begi lake akatoka nje kutafuta gari la kurudi mjini.

Tangu siku hiyo sijawahi kusema ndege iko njiani kabla haijapaa. Nanyi msiseme. Ukikosa cha kuwaambia abiria, waambie unachokijua na saa yake: mpaka sasa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndege haijaondoka Dar es Salaam, hapa mtu haoni zaidi ya mita 400, nitarudi saa moja na nusu kuwapa taarifa nyingine. Kisha rudi saa moja na nusu, hata kama huna jipya. Watu huvumilia ukungu kwa sababu wanauona wenyewe dirishani. Kinachowaudhi ni mfanyakazi aliyejificha ofisini. Na ukiagizwa uongo na mkubwa wako, mjibu kwa adabu kwamba utasema yaliyo kwenye taarifa ya mnarani. Ni vigumu kwa mtu mwenye mkataba wa miezi mitatu, nalijua hilo. Hata hivyo nawaomba.

Mzani nao una ukweli wake. Abiria wa nyanda hizi hapandi ndege mikono mitupu: mchele wa Kyela, parachichi za Rungwe, ndizi za Tukuyu za kumpelekea shangazi Kimara. Kilo 23 anazoruhusiwa zinaisha upesi. Utaombwa na jirani, na binamu, na mwenzako wa zamu, upitishe kimfuko "hiki kidogo tu". Tuko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,300, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani. Mchana wa jua kali inazidi kuwa nyepesi, mabawa yanapata nguvu kidogo na injini vilevile. Rubani amepiga hesabu ya kuruka kwa uzito ulioandikwa kwenye karatasi yako. Kimfuko kisichopimwa ni kilo ambazo yeye hazijui. Vimfuko kumi ni uzito wa mtu mzima au zaidi, na hakuna aliyeviandika. Pima kila kitu, mbele ya mwenyewe, na mzee akizidisha msaidie kupunguza badala ya kumkaripia. Binamu yake aliyemsindikiza mara nyingi bado yuko nje, anaweza kukirudisha kilichozidi.

Kuhusu eneo la maegesho ya ndege nitasema machache: okota. Kifuniko cha chupa, mkanda wa begi, msumari, okota na uripoti ulipokipata. Julai 2000, Paris, kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege iliyotangulia kilipasua tairi la Concorde, na watu 113 wakafariki. Mabaki ya chakula nayo huleta ndege wa angani, nao huingia kwenye injini.

Mwisho ni majirani. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo walifariki 19. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Sisi hatuna ziwa, ila tuna mashamba, njia za mifugo na vijiji vinavyotuzunguka, na hao ndio watakaofika mwanzo kama jambo likitokea nje ya uzio. Mnaposalimiana nao barabarani, salimianeni kweli. Mfahamu mwenyekiti wa kijiji kwa jina. Zoezi la dharura likiitishwa usiombe ruhusa ya kwenda mjini: zimamoto wanapaswa kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu, na wewe wa kaunta ndiye mwenye orodha ya majina ya waliomo ndani ya ndege. Bila orodha hiyo hakuna anayejua wamebaki wangapi.

Wiki ya kwanza, andika kwenye kikaratasi namba za mnara, zimamoto, ofisi ya hali ya hewa, polisi wa uwanja, hospitali ya Ifisi pale Mbalizi na ile ya rufaa mjini. Kiweke mfuko wa shati. Simu huisha chaji, na mtandao hukatika siku za mvua.