Duka ni la nani?

Mwanangu,

Dadako na watoto wanakusalimu. Swali lako nimelipata Jumapili na nikalisomewa mara mbili: “Mama, kwenye mahojiano ya viza ya uwekezaji, kule ubalozi wa Marekani Gigiri, wakiniuliza kiwanja cha Mtwapa nilikipata vipi, nianzie wapi?” Wewe uliyekaa Maskati miaka sita ukiwahesabia watu mapipa yao ya mafuta, leo waniuliza mimi hesabu huanzia wapi.

Kwanza, kiwanja hukukipata. Kilikuwa changu, nikakiuza, pesa nikakupa. Sema hivyo hivyo, wala usiseme “cha familia”. Dadako kanisomea zile karatasi ulizotuma: zawadi inakubalika, ila aliyeitoa naye aonyeshe alivyoichuma. Basi aliyeitoa ni mimi, na nilivyoichuma kumeandikwa. Siku zote nawaambia, hesabu iliyoandikwa haigombani na mtu.

Hukuniuliza habari za safari yangu ya 1996, najua. Nitakueleza hata hivyo, maana babako aliigeuza mzaha mkaizoea, na mimi sikuwahi kucheka kwa dhati.

Shangazi yako alikuwa amejifungua Ulaya, hana mtu wa kumkanda. Nikapanda treni ya usiku hadi Nairobi kuomba viza, buibui jipya, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu, chini ya mkate wa sinia, daftari langu la mauzo. Ubalozi wenyewe siutaji. Kwenye foleni bwana mmoja akaninong'oneza kuwa mwanamke mwenye biashara yake huonekana hana wa kumrudisha nyumbani. Sijui alilitoa wapi neno hilo. Nikafika dirishani, kijana wa nyuma ya kioo akauliza: duka ni la nani? Nikasema, la mume wangu.

Akauliza, mumeo huuza kiasi gani kwa mwezi? Mwanangu, mimi niliyekuwa najua bei ya kila doti iliyotoka pale Biashara Street, Mombasa, nani kalipa na nani kakopa, nikainamisha macho nikasema, “Sijui, ni mambo ya wanaume.” Akauliza tena, na yeye analeta wapi mali yake? Babako, mtu wa bandarini, asiyejua kutofautisha khanga na kikoi gizani! Nikababaika. Pasipoti ikarudi chini ya kioo kabla sijamaliza sentensi.

Nyumbani nilipomsimulia babako alinyamaza kwanza. Kisha akasema, “Duka langu? Tangu lini?” Na tangu siku hiyo hadi anafariki, mteja akija kuomba apunguziwe, yeye husema, “Muulizeni mwenye duka. Mimi nilipewa Nairobi tu, kwa siku moja.”

Pengine ningesema kweli wangeninyima vilevile. Huenda. Kijana yule alikuwa na uso wa mtu aliyekwishaamua tangu asubuhi. Lakini ningenyimwa mimi, mwenye daftari, si yule mwanamke asiyejua kuhesabu niliyemtunga mwenyewe pale dirishani. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko ile safari.

Kwa hiyo wewe usitunge. Wakili wako amekwisha kusema kuwa ombi la uwekezaji limepitishwa huko Marekani, na afisa wa Gigiri hakai kulihukumu upya. Atakuapisha, atachukua alama za vidole, kisha atatazama kama mtu aliye mbele yake ndiye yule wa kwenye karatasi. Kwa hivyo jibu liwe fupi na lifuate karatasi: mama aliuza, huu mkataba wa mauzo, hii kodi ililipwa (asilimia 15 ya faida, mwaka ule ule wa 2023 walioipandisha kutoka 5, hilo nalo sijalisamehe), hii barua ya zawadi, pesa ikatoka benki yangu ikaingia yako, ikachanganyika na akiba ya Maskati, ikaenda kwenye mradi. Cheti cha tabia njema cha hapa unacho. Cha Omani usikisahau, maana ulikaa kule zaidi ya mwaka.

Na wakikuuliza kama umeahidiwa kurudishiwa pesa, sema hapana. Dadako alinisomea sehemu hiyo mara tatu, nilidhani amekosea. Dola 800,000, na sharti lao ni kwamba iwe pesa inayoweza kupotea! Tena iwape kazi watu kumi wa huko, na kadi yenyewe ya ukaazi kwanza ni ya miaka miwili, kisha uombe tena waiondolee masharti. Kwa pesa hiyo ungewapa kazi mafundi cherehani wangapi wa Likoni? Lakini sisemi. Mjukuu wangu mkubwa ana miaka 19, akifika 21 mambo yake kwenye ombi lako yanakuwa magumu, ndiyo maana mbio zote hizi. Nalielewa hilo. Na mimi ndiye niliyeuza kiwanja, hakuna aliyenishika mkono. Ukiniuliza uende au usiende nitakwambia nina maoni, na maoni hayo nimeyafungia kabatini na ufunguo nimempa dadako. Usimwombe. Au mwombe baada ya mahojiano.

Daftari la 2003 nimelifunga kwenye leso, dereva wa basi la usiku atakukabidhi kesho asubuhi. Wakili atasema halihitajiki, najua, hatimiliki inatosha. Wewe lisome kabla ya kwenda. Ukurasa wenye doa la mchuzi ndio wa kiwanja cha Mtwapa nilipokinunua: bei, tarehe, malipo ya kwanza, ya pili na ya mwisho, yote kwa mkono wangu. Chini kabisa babako alitia sahihi kama shahidi, na mbele ya jina lake akaandika kwa herufi kubwa: SI MWENYE DUKA.

Leso unirudishie.

Mamako