Kizuia joto chini ya bati: usimuulize muuzaji kama kinawaka, uliza waya zako zimelala wapi

Mkuu, umeuliza uweke nini kati ya bati na siling bodi ili nyumba yako ya Kigamboni isiwe tanuri mchana, na kama povu jeupe, foili ya mapovu au pamba ya kioo ndiyo salama zaidi kwa moto. Mimi ni fundi umeme, miaka kumi na nne napanda dari za Dar. Muuzaji atakwambia "hii haiwaki kabisa". Mimi nakwambia nilichokiona huko juu.

Naanza na povu jeupe, lile la kufungashia TV, kwa sababu liliniponza. Nilifunga taa za kuzama za halojeni, zile zinazochemka sana, wati 50 kila moja, sebuleni kwa mama mmoja Tabata. Baadaye akaja fundi mwingine akatandaza povu juu ya siling bodi, akafunika hadi migongo ya taa. Nikapigiwa simu: "Fundi, kuna harufu ya plastiki, na kuna kitu kimedondoka mezani." Nilipopanda nikakuta juu ya kila taa shimo la ukubwa wa sahani, kingo zimejikunja zinang'aa kama sukari iliyoyeyuka kikaangoni, na shimo moja limeshaanza kuwa jeusi. Povu hilo hulegea kwenye nyuzi joto 100 hivi, kisha linayeyuka. Likishika moto linadondosha matone yanayowaka, na moshi wake ni mweusi tii. Lipo lililotiwa dawa ya moto, lakini dawa ile inachelewesha tu.

Kuna jambo jingine wengi hawalijui: waya zilizolala juu ya lile povu zilikuwa zimenata nalo. Povu linanyonya kilainishi cha ganda la waya, ganda linakakamaa, ukilikunja linapasuka. Tulitoa povu lote, nikavuta waya upya na kuweka taa za LED. Gharama tukagawana, kwa shingo upande.

Foili ya mapovu ina alumini juu na polithini katikati. Kata kipande, kitoe uani, washa ukingoni: alumini inakunjamana, polithini inachuruzika huku ikiwaka kama nta ya mshumaa. Polithini ndiyo iliyokuwa katikati ya paneli za nje za jengo la Grenfell, London, lililoungua na kuua watu 72 mwaka 2017. Sisemi foili yako ni Grenfell. Ile ilikuwa ghorofa 24 na makosa mengi. Ila usidanganywe na mng'ao.

Kwenye foili, hata hivyo, mimi naogopa umeme kuliko moto. Alumini inapitisha umeme. Panya akitafuna waya mmoja tu ukagusa foili, dari nzima inakuwa "laivu". Australia, mwaka 2009 na 2010, serikali ilipogharamia kazi hizi majumbani, vijana wanne walikufa kazini, watatu kati yao kwa umeme. Wawili kati ya hao watatu walikuwa wanafunga foili, na pini za chuma za kuibania zilitoboa waya. Kwa hiyo zima meini swichi kabla mtu hajapanda, na usipige pini ya chuma karibu na waya.

Povu la njano la kupuliza nitalipita haraka: moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi. Likiwa wazi, bila kufunikwa na jipsamu, siliweki nyumba wanayolala watoto.

Pamba ya kioo na pamba ya mawe zenyewe haziwaki. Kinachoungua ni gundi yake na ile karatasi ya kahawia upande mmoja, ambayo usiiache wazi. Ya kioo inalegea kabla ya nyuzi 700, ya mawe inavuka 1,000. Zinawasha mwili, vaa glavu na barakoa.

Lakini hata pamba isiyowaka inaweza kukuunguzia nyumba. Waya uliozikwa ndani yake nusu mita au zaidi, kanuni za Uingereza za kufunga umeme zinauhesabia nusu ya uwezo wake. Piga hesabu: shawa ya kuchemsha maji kwa umeme, wati 5,500, inavuta ampea 24 hivi. Waya wa milimita 4 za mraba unaobeba ampea 37 ukiwa haujafunikwa, ukiuzika unabaki 18 na ushee. Breka ya ampea 32 haitashtuka, maana 24 haijafika 32. Waya utachemka taratibu kila mtu anapooga. Pitisha waya juu ya pamba, na taa ziachie nafasi ya kupumua.

Ningekuwa wewe, mfuko ukiruhusu, ningetandika pamba ya mawe. Usiporuhusu, foili chini ya papi (mbao zinazoshikilia bati), iwe na upenyo wa hewa kati yake na bati, ifungwe kabla waya hazijapita. Povu jeupe waachie wauza samaki.

Kama siling bodi bado hazijapigwa, tuma picha ya darini nione viungio vya waya viko wapi.