Mshika bendera kwenye ujenzi wa barabara: reflekta peke yake haimlindi

Mkuu, umeuliza mdogo wako afanye nini, maana amepewa kazi ya kushika bendera kwenye barabara kuu na kampuni imempa reflekta tu. Nimeifanya kazi hiyo, baadaye nikasimamia washika bendera kwenye saiti za Morogoro Road.

Tazama kwanza kilichowekwa kabla dereva hajamfikia. Gari lililo spidi 80 linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akishtuka, mpaka mguu ufike kwenye breki ameshakula mita 30 au zaidi, na hapo ndiyo kwanza gari linaanza kupunguza mwendo. Lori lenye mzigo mteremkoni ndiyo usiseme. Kwa hiyo vibao vya kazi mbele vianze mbali, mamia ya mita, kisha kibao cha spidi, kisha koni. Foleni ikirefuka, vibao navyo virudishwe nyuma. Saiti nyingi hawafanyi hivi: vibao vikisimikwa asubuhi haviguswi tena, na saa kumi jioni mkia wa foleni uko nyuma ya kona, basi linakuja kasi.

Mdogo wako asimame pembeni ya lami, peke yake. Wenzake wakimzunguka kupiga stori, dereva hajui nani anamsimamisha. Asiingie njiani mpaka gari la kwanza limesimama kabisa. Bodaboda hupenya hapo hapo pembeni aliposimama, basi aweke koni mbele yake. Nyuma yake pawe wazi pa kukimbilia, asibanwe na kingo za daraja wala mtambo. Mimi tipa linalorudi rivasi naliogopa kuliko basi, kwa sababu macho ya mshika bendera yako barabarani na kelele za mitambo zinameza mlio wa rivasi.

Jua nalo ni adui. Wanaoelekea Morogoro jioni linawapiga usoni, wanaokuja Dar linawapiga asubuhi. Saa hizo boza, lori la maji, liwe limeshamwagilia barabara, maana vumbi likichanganyika na jua dereva haoni mtu hata akiwa na reflekta mpya. Kama usiku kuna kazi, taa imulike pale aliposimama. Asitegemee taa za magari.

Washika bendera wa pande mbili wasipoonana, wapewe redio za mkononi. Kupungiana mikono penye kona, hapana, akatae kabisa. Na awepo wa kumpokea. Mtu aliyechoshwa na jua kutwa anakosea kugeuza kibao cha simama na nenda alichoshika, na magari yanakutana uso kwa uso.

Fomeni akidai hakuna bajeti, mpelekeeni suala hilo mhandisi mshauri wa mradi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambana mwajiri, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanapokea malalamiko. Mdogo wako aombe pia mkataba wa maandishi hata kama ni kibarua. Akiumia, ndio utakaoonyesha ni mfanyakazi wa nani anapodai fidia.