Sindano ya Diklofenaki Haitibu Mgongo: Majibu kwa Wasomaji wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mbukwenyi wasomaji. Barua za safari hii nyingi zinalia kilio kimoja: maumivu yamepita miezi, mengine miaka, na mgonjwa amezunguka hospitali, maduka ya dawa na kwa waganga bila kupona. Maumivu yakizidi miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu, na hapo matibabu yake hubadilika. Dawa iliyokusaidia ulipoteguka mguu haifai kumezwa mwaka mzima. Nimechagua barua chache zinazobeba maswali ya wengi.

Nina miaka 43, napakia na kupakua magunia ya mahindi Kibaigwa. Mgongo unaniuma mwaka wa pili sasa. Eksirei imeonyesha pingili zimesagika. Kila wiki nachomwa sindano ya diklofenaki duka la dawa, napata nafuu, narudi kazini. Je, kuna ubaya? — Mpakiaji, Kongwa

Kaka yangu, sindano hiyo inanitia hofu kuliko mgongo wako. Diklofenaki ya sindano imewekwa kwa matumizi ya siku moja au mbili, mtu akiwa amezidiwa. Ukiipiga wiki hadi wiki inachubua tumbo mpaka kidonda kianze kutoa damu, inapandisha presha na inaumiza figo. Wewe unatoka jasho kutwa nzima juani, mara nyingi bila maji ya kutosha, kwa hiyo figo zako ziko hatarini zaidi. Tena ikichomwa mahali pasipo sahihi kwenye tako, inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu na kukuacha unaburuta mguu. Acha sindano hizo, na kabla ya wiki kuisha pima presha na damu ya kuangalia figo, hata kama hujisikii vibaya. Figo huumia kimyakimya.

Tuje kwenye eksirei. Neno "zimesagika" limewafanya watu wengi wajione vilema wakiwa bado wana nguvu zao. Watu wa miaka 50 wasio na maumivu yoyote wakipigwa picha za mgongo, karibu 80 kati ya 100 huonekana diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zimechakaa. Pingili hubadilika kwa umri kama nywele zinavyoota mvi. Picha yako peke yake haithibitishi kwamba hapo ndipo maumivu yanapotoka, wala haisemi kwamba mgongo utavunjika ukiinama.

Mgongo unaouma muda mrefu unahitaji kutembea na kufanyishwa kazi kwa kiasi. Kulala kitandani kutwa kunaulegeza. Anza hivi: lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini, inua kiuno polepole, hesabu mpaka 5, shusha. Rudia mara 10 asubuhi na mara 10 jioni, na kila siku tembea mwendo wa kawaida, ukiongeza umbali kidogo kila wiki. Mwanzoni utasikia maumivu kiasi, usitishike. Yakiwa yametulia kufikia kesho yake, endelea. Yakibaki makali mpaka siku ya pili, umezidisha, punguza. Ukipata mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, nenda hata mara chache akuelekeze, kisha uendelee mwenyewe nyumbani.

Najua siwezi kukuambia uache kazi, watoto watakula nini? Lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ikatae. Imepigwa marufuku miaka mingi na bado mnabebeshwa. Ongeeni ninyi wapakiaji kwa umoja, gunia lililozidi libebwe na wawili. Mzigo ukae karibu na mwili, na ugeuke kwa miguu badala ya kupinda kiuno.

Zipo dalili ambazo hazisubiri mazoezi: miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo au haja kubwa kukataa kutoka au kutoka bila kujua. Hizo ni za kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Mgongo unaoambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito nao upimwe mapema, maana kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na kinatibika.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina kisukari mwaka wa kumi na mmoja. Usiku nyayo zinawaka moto, hata shuka likigusa naumia. Daktari ameniandikia amitriptilini. Kijana wa duka la dawa akaniambia hiyo ni dawa ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Je, daktari ameniona nimechanganyikiwa? — Mwalimu, Makole

Shikamoo, Mwalimu. Hapana, na tafadhali usiitupe karatasi ile.

Sukari iliyokaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, ikianzia ile mirefu inayofika kwenye nyayo. Mishipa hiyo ikiumia hutuma habari za moto na miiba mahali ambapo hapana moto wala miiba. Panadol na diklofenaki hazifiki huko. Amitriptilini inafika, kwa sababu inatuliza njia ambazo habari za maumivu hupitia kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ni kweli dawa hii ilianza kama dawa ya sonona, lakini kwa sonona hutumika kwa dozi kubwa. Kwa maumivu huanza na miligramu 10 au 25 usiku. Itakukausha mdomo, asubuhi unaweza kuamka mzito, choo kinaweza kuwa kigumu. Ipe wiki mbili hadi nne kabla ya kuihukumu. Lakini mwambie daktari kama una ugonjwa wa moyo, presha ya macho, au mkojo unatoka kwa shida kwa sababu ya tezi dume, maana hapo atachagua nyingine.

Kama unameza metformini kwa miaka mingi, uliza pia kuhusu vitamini B12. Dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wake, na upungufu wa B12 nao unachoma miguu. Kila jioni kagua nyayo zako, au mjukuu akukagulie, mpaka katikati ya vidole. Usiweke miguu kwenye maji ya moto wala karibu na jiko la mkaa hata baridi ya Juni ikizidi, kwa sababu mguu uliopoteza hisia huungua mwenyewe asijue.

Na hata kama mtu ameandikiwa dawa kwa ajili ya akili, hana aibu yoyote. Sisi wa Dodoma tuna hospitali ya Mirembe jirani, tumeigeuza jina lake tusi, na tusi hilo linawazuia watu kumeza dawa ambayo ingewapa usingizi. Linaniumiza sana jambo hili.

Nilinunua dawa ya unga mnadani kwa ajili ya magoti. Siku tatu tu nikawa natembea kama msichana. Sasa mwezi wa tano, uso umejaa, na nikiacha siku mbili naishiwa nguvu kabisa. — Mama wa Hombolo

Mama, dawa ya miti shamba haifanyi kazi kwa kasi hiyo. Nafuu ya siku tatu, uso kujaa na mwili kuishiwa nguvu unapoacha ni dalili za steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kama deksamethazoni au prednisolone, iliyosagwa na kuchanganywa humo. Inapandisha sukari na presha, inalegeza mifupa, inafungulia mlango maambukizi. Usiiache ghafla! Mwili wako huenda umeacha kutengeneza homoni yake ya asili, na kukatisha ghafla kunaweza kukuangusha. Chukua unga huo pamoja na pakiti yake, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, waeleze muda uliotumia, wakupunguzie hatua kwa hatua.

Magoti yenyewe, dawa yake ya kwanza ni misuli ya paja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu mpaka 5, shusha, badili. Kama una uzito mkubwa, kila kilo unayopunguza inaliondolea goti takriban kilo nne kwa kila hatua. Fimbo ya kutembelea shika kwa mkono wa upande wa pili wa goti linalouma.

Mwanangu ana selimundu, miaka 9. Akishikwa na maumivu ndugu wa mume wanasema anadeka kwa sababu jana alikuwa anacheza. Nimtetee vipi? — Mama, Chamwino

Dada, waambie hivi: chembe zake za damu hugeuka umbo kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na sehemu iliyokosa damu inalia. Ni miongoni mwa maumivu makali anayoweza kupata binadamu. Kucheza jana na kulia leo ndivyo ugonjwa huu ulivyo.

Baridi, kiu, homa na kuchoka kupita kiasi ndivyo vinavyoamsha shambulio. Upepo wetu wa Juni na Julai ni adui yake: sweta, soksi, maji ya kunywa ya uvuguvugu, na asioge maji ya baridi. Likianza, mpe maji mengi na paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, mpashe joto kwa kitambaa, usimwekee barafu. Ibuprofeni itumike kwa ushauri wa daktari, kwa sababu ya figo. Homa ya nyuzi 38.5, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande, uume kusimama bila kulala: hospitali mara moja, usiku uwe mchana.

Muulize daktari kuhusu haidroksiyurea. Hunywewa kila siku na hupunguza mashambulizi kwa kiasi kikubwa, ingawa inahitaji kupima damu mara kwa mara. Hapa kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza pia kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Si kila mtoto anafaa, kwa kawaida anahitajika ndugu wa tumbo moja mwenye vinasaba vinavyolingana, lakini kuuliza ni haki yako.

Baba ana saratani ya tezi dume imefika kwenye mifupa. Tuko naye nyumbani Mpwapwa. Halali, analia usiku. Hospitali wametaja mofini, kaka zangu wamekataa, wanasema ukimpa hiyo ndiyo unamuaga. — Binti yake

Binti, pole sana. Hofu ya kaka zako naielewa: wengi walioona mgonjwa akipewa mofini walimwona siku za mwisho, ndipo wakaamini mofini ndiyo iliyomchukua. Ukweli ni kwamba ililetwa kwa kuchelewa.

Mofini ya maji, ikianzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu kulingana na maumivu, haimuui mgonjwa wala haiharakishi kifo chake. Inamrudishia usingizi. Mtu aliyelala usiku anakula asubuhi, anazungumza na wajukuu, anaweza kutoa wosia wake akiwa na akili timamu. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, kwa saa, bila kusubiri alie kwanza. Uraibu, yaani mtu kuitafuta dawa kwa tamaa, ni nadra kwa mgonjwa wa saratani anayetibiwa maumivu. Siku za mwanzo anaweza kusinzia na kusikia kichefuchefu, vikaisha. Kisichoisha ni choo kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Akisinzia mpaka haamshiki, au pumzi ikawa ya kuhesabika, msimpe dozi inayofuata, mpelekeni hospitali haraka. Chupa ifungiwe mbali na watoto, na asipewe mtu mwingine yeyote.

Ulizeni hospitalini kuhusu tiba shufaa. Wahudumu wake wanapanga dozi, wanafundisha familia, na wanakaa na mgonjwa kuzungumza yanayomsumbua moyoni. Ulizeni pia kama mionzi ingefaa: kwenye mifupa, wakati mwingine kikao kimoja tu hupunguza maumivu. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hutoa huduma hiyo, na siku hizi safari ya treni ya umeme kutoka Dodoma haimtikisi mgonjwa kama basi. Miguu ya baba ikianza ghafla kukosa nguvu, msingoje asubuhi.

Waombe kaka zako wakae naye usiku mmoja, kwa zamu, wakiwa macho.

Vipimo vyote safi, lakini mwili mzima unauma, usingizi hauniburudishi, nachoka kabla ya saa nne. Mume wangu anaanza kuniona mvivu. — Mfanyakazi, Mji wa Serikali Mtumba

Vipimo safi havina maana huumwi. Yapo maumivu ambayo tatizo lake liko kwenye mfumo wenyewe wa kuhisi: umekuwa mwepesi kupita kiasi, kama mbwa aliyewahi kuvamiwa na fisi, ambaye sasa anabweka hata upepo ukitikisa mlango. Kipimo cha damu hakioni hilo. Ugonjwa wa aina hii huitwa fibromayalgia, na daktari anautambua kwa kukusikiliza.

Kabla ya yote hakikisha wamepima tezi ya shingo na wingi wa damu. Kisha panga siku zako. Usifue, usideki na usipike vyote Jumamosi kwa kuwa umeamka vizuri, halafu ulale Jumapili na Jumatatu. Gawa kazi vipande, pumzika kabla hujachoka. Tembea dakika 10 kila siku na uongeze polepole. Lala na uamke saa zilezile. Amitriptilini kidogo usiku husaidia baadhi ya watu. Na nenda na mume wako siku ya kliniki, asikie kutoka kwa daktari.

Kichwa kila siku, Panadol kila siku, miezi sita. — Mwanafunzi, UDOM

Huenda dawa yenyewe sasa ndiyo inayokiumiza. Dawa za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, huzaa kichwa chake. Ziache kwa usimamizi wa daktari. Wiki ya kwanza au mbili itakuwa ngumu. Pima macho na presha. Kichwa kilichokuja ghafla kwa kishindo, au chenye homa na shingo ngumu, ni cha dharura.

Mume wangu anachunga ng'ombe. Nyonga na kiuno vinamuuma, homa inakuja na kuondoka, usiku anatoka jasho. Malaria hakuna, wametibu UTI mara nyingi tu. — Bahi

Ombeni apimwe brusela. Hutoka kwa mifugo kupitia maziwa mabichi, au kumsaidia ng'ombe aliyetupa mimba kwa mikono mitupu, na huingia sana kwenye nyonga na mgongo. Apimwe na kifua kikuu pia. Brusela ikithibitika hutibiwa kwa dawa mbili pamoja kwa takriban wiki 6, na wengi hukosea kwa kuacha wanapopata nafuu wiki ya pili, ikarudi. Nanyi wengine wa nyumbani mliokunywa maziwa hayohayo, yeyote mwenye dalili kama zake apimwe pamoja naye, na kuanzia leo maziwa yachemshwe.