Mawese yanauzika, faida haionekani

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ujiji. Mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio nikiwa mdogo, natembelea magongo. Nauza mawese soko la Mwanga. Dumu la lita 20 nanunua 60,000, lita moja nauza 3,800, na kwa wiki namaliza madumu manne. Kwa hesabu yangu napata faida ya 64,000 kila wiki, lakini ikifika Jumapili mkononi sina kitu. Sasa wenzangu wawili, nao wana ulemavu, wananishawishi tuunde kikundi tuombe ile asilimia mbili ya halmashauri: milioni tatu, kila mtu achukue moja, tulipe kwa mwaka. Nikubali? Halafu kijana anayenisaidia ndiye hunitolea pesa kwa wakala, namba yangu ya siri anaijua. Kuna ubaya?

JIBU: Mama, hesabu ya madumu umeipatia. Lita 20 kwa 3,800 ni 76,000, toa 60,000 unabaki na 16,000. Mara nne ni 64,000. (Nachukulia kwamba lita 20 zinatimia kweli. Wauza mawese wengi ninaowafahamu wana mkono mwepesi kwenye nyongeza, na nyongeza hiyo ni mafuta yako.)

Ulipokosea ni kwamba umejihesabia kama jirani yako wa meza ya pili, anayeshuka kwenye daladala na kujibebea dumu kichwani. Wewe hufanyi hivyo. Nilipokuuliza gharama ulinitajia mambo manne, na ukaniambia matatu kati yake "si ya biashara". Ni ya biashara, mama. Bila hayo meza haifunguliwi.

Bodaboda kwenda na kurudi ni 3,000 kwa siku, siku sita ni 18,000. Kijana wa kukutolea madumu stoo ni 1,000 kwa siku, yaani 6,000. Mwaka jana ulinunua gongo jipya baada ya lile kuvunjika, mipira ya chini ya magongo mara kadhaa, na fundi alikujazia soli ya kiatu: jumla 104,000. Gawa kwa wiki 52, ni 2,000 kwa wiki. Ushuru wa meza, ambao huo ulikubali ni wa biashara lakini hukuutoa kwenye hesabu, ni 3,000 kwa wiki. Jumla yote ni 29,000.

Kwa hiyo faida yako ni 35,000, siyo 64,000. Na katika zile 29,000, ushuru tu ndio mnalipa sawa na jirani. Ukitoa hata nauli ya daladala ambayo yeye naye anailipa, bado ulemavu unakula sehemu kubwa ya jasho lako kabla hujanunua unga. Hujatapanya pesa. Ulikuwa unatumia faida ambayo haikuwepo.

Sasa mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejea 2024. Hauna riba, na mimi si mtu wa kumkataza mtu pesa isiyo na riba. Ila kutokuwa na riba hakufanyi marejesho yawe madogo. Milioni moja kwa wiki 52 ni kama 19,230 kila wiki. Ukipiga kwa faida ya 64,000, unaona utabaki na 44,000 na ushei, unasema rahisi. Ukipiga kwa 35,000, unabaki na chini ya 16,000 ya chakula, kodi na madaftari ya watoto.

Utasema mtaji ukiongezeka na faida itaongezeka. Labda. Nikuulize: wiki iliyopita kuna mteja aliondoka kwa sababu dumu liliisha? Kama hakuna, milioni moja itakaa stoo ikiwa ndani ya madumu huku marejesho yanakusubiri. Kinachokubana wewe ni nauli, siyo mtaji. Mimi ningeanzia hapo: tafuta bodaboda mmoja wa mtaani kwako, mpatane kwa wiki, umlipe Jumamosi. Akikubali 13,000, umeokoa 5,000 kila wiki, na hiyo ni 260,000 kwa mwaka ambayo hutamrudishia mtu. Au jaribu meza Ujiji kwenyewe kwa mwezi mmoja. Hata ukiuza madumu matatu badala ya manne, utapoteza 16,000 lakini utaokoa 18,000 za boda, na mgongo utapumzika.

Ile 2,000 ya magongo iweke kando kila Jumamosi, kwenye laini nyingine au kwenye kikoba, usiiguse kwa ada wala harusi. Gongo halivunjiki kwa miadi, na siku ukikaa nyumbani kwa sababu ya kipande cha mpira, siku hiyo nzima ya mauzo imekwenda.

Kuhusu kijana: ndiyo, kuna ubaya, hata kama ni mwaminifu kama mwanao. Pesa ikipotea, yeye ndiye wa kwanza kushukiwa, na wewe huna cha kuonyesha. Badilisha namba ya siri leo, mwenyewe, kwenye simu yako. Mwombe wakala aje mezani kwako. Kwa mteja wa kila wiki wengi hukubali. Wateja walipie kwa Lipa Namba, ujumbe uingie kwenye simu yako. Kama ni lazima kijana aende, mpe laini ya pili yenye pesa ya siku hiyo tu.

Ukiamua kikundi baada ya hapo, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na daftari la miezi mitatu mkononi, na kabla hujasaini muulize mambo mawili: rejesho la kwanza linaanza mwezi gani, na mwenzenu mmoja akikwama, nani anamlipia.