Kufunga kranki ya baiskeli ya mbio: yale ninayomwambia kila anayeanza

Kranki, yaani mikono miwili inayoshika pedali pamoja na ekseli inayoiunganisha, hubeba uzito wako wote kila unaposimama juu ya pedali. Kwa sababu hiyo wengi wanaoanza hudhani dawa yake ni kukaza kwa nguvu zote. Sivyo. Kila boliti pale ina kazi yake, na usipoijua kazi hiyo utaharibu kitu kilichokuwa kizima.

Nitazungumzia zaidi kranki za Shimano za ekseli ya milimita 24, ambazo ekseli imeshikana na mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unabanwa kwa boliti mbili. Ndizo utakazokutana nazo sana. Kama yako ni ya SRAM aina ya DUB, ekseli ni ya milimita 28.99 na boliti ni moja kubwa, inayokazwa kwa Nm 48 hadi 54 (Nm ni nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Zile za zamani zenye ekseli ya pembe nne zinataka kifaa maalumu cha kuvutia mkono. Usichukue vipimo vya aina moja ukavipeleka kwenye nyingine.

Tuanze na vikombe vya beringi. Fremu nyingi za hesi, yaani mifereji ya kukazia kama ya skrubu, zina hesi ya Kiingereza, na bomba linalopokea vikombe lina upana wa milimita 68. Hapo kikombe cha kulia kina hesi ya kinyume: unakikaza kwa kuzungusha kinyume cha saa. Fremu za Kiitaliano zina bomba la milimita 70 na hesi za kawaida pande zote mbili, kwa hiyo pima kwanza. Kwa hesi ya Kiingereza, mimi hukumbuka hivi: spana ikiwa imesimama juu ya kikombe, kukaza ni kuivuta kuelekea gurudumu la nyuma, upande wowote uliopo. Pedali ni kinyume chake. Kukaza ni kuelekea gurudumu la mbele, kulia na kushoto. Ukilishika hilo hutahangaika tena na habari za kulia na kushoto.

Safisha hesi za fremu kwa tambara mpaka zisitoe uchafu, paka grisi, kisha ingiza kikombe kwa vidole. Kwa vidole kabisa, mizunguko kadhaa. Kikigoma mwanzoni, kitoe uanze upya. Hesi iliyoingia mshazari hailalamiki unapotumia spana ndefu, inakatika tu, na hapo umeharibu fremu, si kikombe. Kikifika mwisho kwa ulaini, malizia kwa spana: Nm 35 hadi 50. Kama fremu yako haina hesi na vikombe hubonyezwa, kama zile za mtindo uitwao BB86, tumia kifaa cha kubonyezea. Nyundo hukipeleka kikombe upande, na beringi iliyokaa upande haidumu.

Sasa kranki yenyewe. Paka grisi nyembamba kwenye ekseli, laza mnyororo juu ya bomba la fremu ili usikubanie njia, halafu sukuma ekseli kutoka kulia mpaka itokeze kushoto. Ikikaza kidogo, igonge kwa nyundo ya mpira. Visha mkono wa kushoto kwenye ekseli ukihakikisha mikono miwili inatazamana kinyume, mmoja mbele na mwingine nyuma, katika mstari mmoja.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Kizibo cha plastiki kinachoingia mwishoni mwa ekseli hakishikilii mkono. Kazi yake ni kuusogeza ndani mpaka beringi zisiwe na mwanya, basi. Shimano wenyewe wanataka Nm 0.7 hadi 1.5, yaani nguvu ya vidole kwenye kale kafunguo kake. Ukikikaza kama boliti ya gari, beringi zinabanwa ubavuni, kranki inazunguka kwa uzito na beringi zinakufa mapema. Ukikiacha kilegevu, mkono unacheza, na kila ukikanyaga unakula meno ya ekseli kidogo kidogo.

Baada ya kizibo, sukuma kile kibamba chembamba kilicho katikati ya mwanya wa mkono. Kina pini ndogo inayotakiwa kuzama kwenye tundu la ekseli. Isipozama, usilazimishe: mkono haujaingia vya kutosha, rudi kwenye kizibo. Kibamba hiki huzuia mkono usichomoke boliti zikilegea, na ni kipimo cha bure kinachokuambia umefika mahali pake.

Ndipo ukaze boliti mbili kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 5. Kidogo hii, kidogo ile, ukirudia, kwa sababu ukikaza moja nyingine hulegea. Lengo ni Nm 12 hadi 14 kwa zote mbili. Spana ya kupimia nguvu nunua mapema. Ndicho kifaa ninachokisisitiza kuliko vyote.

Shika mikono yote miwili uitikise kushoto na kulia. Isitoe mlio wala kucheza. Zungusha bila mnyororo: izunguke laini. Beringi mpya zenye mpira wa kuzuia maji huwa na ukinzani kidogo, kwa hiyo usihofu kranki isipozunguka muda mrefu. Baada ya safari ya kwanza, pima boliti tena.

Matunzo si mengi. Usielekeze maji ya mashine kwenye beringi, na usipulize dawa ya kuondoa grisi karibu nazo, kwani hupenya ndani. Badilisha mnyororo mapema. Kwa giya 11 au 12, ukirefuka kwa asilimia 0.5 umeshachoka, na ukiuacha unachonga meno ya mbele. Ukisikia mlio wakati wa kukanyaga, usikimbilie kufungua kranki. Toa pedali, safisha, paka grisi, rudisha. Kagua boliti za sahani ya meno. Kagua hata nguzo ya kiti, maana mlio wake husafiri kwenye fremu na kukudanganya. Beringi ziwe za mwisho, na zikikwaruza, badilisha kikombe kizima.

Jambo moja ni la usalama kabisa. Septemba 2023 Shimano walitangaza ukaguzi wa kranki za Ultegra na Dura-Ace za giya 11 zilizotengenezwa kati ya Juni 2012 na Juni 2019, kwa kuwa vipande vyake vilivyounganishwa kwa gundi vinaweza kuachana. Namba ziko nyuma ya mkono: FC-6800, FC-R8000, FC-9000, FC-R9100 na FC-R9100-P. Ukinunua baiskeli iliyotumika, soma namba hiyo kwanza. Safisha mikono yote miwili, pitisha kucha na mwanga kwenye maungio na kuzunguka tundu la pedali. Ukiona ufa au mwanya, au ukisikia mlio usioeleweka kutoka ndani ya mkono, usiipande tena mpaka kranki ikaguliwe na wakala wa Shimano.