Upepo wa Dodoma, wezi wa betri na sensa za skuta zangu

Juzi nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Singida: "Dada shikamoo. Naona una skuta za umeme za kukodisha na haziibiwi. Naomba unitajie sensa unayotumia na inauzwa wapi."

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako una kosa moja tu, hapo uliposema haziibiwi. Zimeibiwa sana. Na kwa kuwa wenye swali kama lako ni wengi, nakujibu hapa mbele ya wote, tena kwa kirefu, maana tangu wiki iliyopita nina jambo limenijaa kifuani.

Biashara yenyewe wengi mnaijua. UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, ni pana, majengo yametawanyika, na jua la Dodoma halina utani. Mwanafunzi aliyepanga Ng'ong'ona analipa kwa simu, anatumiwa namba, skuta inafunguka, anaendesha, kisha anaiacha kwenye moja ya maegesho yetu: mbele ya duka, pembeni ya mgahawa, nje ya hosteli. Hapo kwenye kuiacha ndipo penye kazi. Bodaboda inalala uani kwa mwenyewe. Skuta ya wote inalala nje. Kila mtu ameshawahi kuishika, kwa hiyo mtu akionekana ameiinamia saa saba usiku, hakuna anayeshtuka. Watu wanajua ni mteja.

Ya kwanza haikuibiwa nzima. Walifungua kiti wakachukua betri, mwili wakaniachia nifute vumbi. Betri ya lithiamu ya skuta ina soko. Mtu akiwa na ufundi kidogo anaiunga kwenye sola ya nyumbani, inawasha taa na televisheni, na hakuna atakayeuliza imetoka wapi. Iliyofuata waliipakia kwenye kirikuu, nzima nzima. Nikaenda kituoni, nikapewa RB, nikarudi nyumbani kulala, usingizi wenyewe haukuja.

Shemeji yangu alikuwa ameweka hela kwenye mradi huu. Akaitisha kikao cha familia. Mbele ya mama yangu mzazi akasema alijua tangu mwanzo kwamba vyombo vya moto si kazi ya mwanamke, na kwamba elimu yangu ya kompyuta ingefaa zaidi kwenye stationari. Akadai hela yake, nikamlipa kwa mkopo wa vikoba. Nimemsamehe. Ila kila nikifunga sensa mpya namkumbuka, na nadhani hiyo imenisaidia kuliko semina zote za ujasiriamali nilizowahi kukaa.

Sasa sensa. Watu wengi wakisikia neno hilo wanakimbilia ile ya bei rahisi inayohisi mtikisiko. Fundi mmoja mjini aliniuzia hizo kwa maneno matamu. Ndani yake ni swichi ndogo tu, ikitikiswa inafunga au kufungua. Inajua ndiyo na hapana, basi. Ina kiskurubu cha kupunguza au kuongeza ukali wake. Wewe wa Singida unaujua upepo wetu wa kiangazi, ule unaobeba vumbi na mifuko mpaka unafumba macho barabarani. Skuta zililia usiku kucha. Lori likipita zinalia. Mbuzi akija kujikuna kwenye tairi zinalia. Ukilegeza kiskurubu zinyamaze, mwizi naye anapita kimya kimya. Haikuchukua muda, mtaa mzima ukazoea kelele, na mwenye duka akaniambia kwa upole kwamba nizihamishe. Alamu ambayo watu wameizoea ni zawadi kwa mwizi.

Kilichonitoa hapo ni aksilerometa. Ziko za aina nyingi, mimi natumia ADXL345, wengine wanapenda MPU-6050 kwa kuwa inapima na mzunguko pia. Hii haikwambii tu kwamba kitu kimetikisika. Inapima kwa mihimili mitatu, yaani mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na chombo kikiwa kimetulia, inachokisoma ni uvutano wa dunia peke yake, zile 9.8 za darasani. Kwa kuangalia uvutano huo umegawanyikaje kwenye mihimili mitatu, unajua chombo kimelala kwa nyuzi ngapi.

Nisikilize vizuri hapa, maana siri yangu yote ni hii. Skuta iliyoegeshwa kwa stendi ya pembeni imelala kidogo upande mmoja. Upepo unaitikisa, kisha inarudi palepale. Mbuzi anaisukuma, inarudi palepale. Mtoto anaikalia, anashuka, inarudi. Lakini mwizi, awe mjanja namna gani, hawezi kuiondoa bila kuiinua kwanza isimame wima, au kuinyanyua kuiweka kwenye gari. Mlalo unabadilika na haurudi. Kwa hiyo mteja akifunga safari, chombo kinakariri mlalo wake. Kikitikiswa kinaamka, kinasubiri sekunde chache, kinapima tena. Mlalo ni uleule, kinalala. Umebadilika, kinatoa mlio mmoja mfupi wa onyo, kwa sababu huenda ni mlinzi anasogeza apate njia. Ukiendelea kubadilika, au gurudumu likizunguka bila namba ya mteja, hapo king'ora kinafunguka chote na meseji zinaondoka. Betri nayo ina swichi yake chini ya kiti, kiti kikifunguliwa bila ruhusa hakuna cha onyo.

Mambo ya umeme nayasema haraka. Aksilerometa yenyewe haili hata sehemu moja ya tano ya miliampia, kwa hiyo iache macho usiku kucha, na chipu kubwa inayoongoza yote, mimi natumia ESP32, ilale mpaka iamshwe. GPS iwashe baada ya chombo kusogea tu, la sivyo itakumalizia chaji. Moduli ya laini ya simu, kama SIM800L, ikituma inaweza kuvuta hadi ampia 2 kwa mkupuo, na ukiilisha kwa waya mwembamba itazima na kuwaka, utalaumu mtandao bure. Weka betri ndogo ya akiba mahali pa siri. Umeme mkubwa ukikatwa ghafla, hiyo peke yake ni taarifa ya wizi, na lazima kiwepo kitu cha kuituma. Na tafadhali, usizime mota mtu akiwa mwendoni, hata ukiwa na uhakika kwamba ni mwizi. Subiri asimame. Barabara ya Ng'ong'ona ina watoto.

Wiki iliyopita, usiku wa upepo haswa, simu ikalia: skuta ya nje ya hosteli, onyo, kisha king'ora. Nilikuwa mtaa wa Kisasa. Nikiwasha gari na kufika, kirikuu kingekuwa kimeshashika barabara ya Iringa na skuta imezungushiwa bati, GPS haioni mbingu. Lakini meseji haikuja kwangu peke yangu. Ilienda pia kwa mlinzi wa hosteli na kwa vijana watatu wa kijiwe cha bodaboda wanaokesha pale kona. Walifika kabla skuta haijapanda gari. Kirikuu kikakimbia, kijana mmoja akabaki mikononi mwao.

Nilipofika, nguvu zangu zote ziliishia kumwokoa yule kijana. Watu walishaanza kuulizana nani ana petroli. Nikasimama katikati, mwanamke peke yangu, na kanga kichwani, nikawaambia skuta ni yangu na aliyeibiwa ni mimi, kwa hiyo hakuna atakayemgusa mpaka mwenyekiti wa mtaa aje. Akaja, polisi wakaja, yakaisha kwa utaratibu. Nimeambiwa nina roho ndogo. Sawa. Lakini wewe unayefunga king'ora kwenye chombo chako ujue unachokiita usiku. Unaita watu waliochoka, wenye hasira za vitu vyao vilivyoibiwa zamani. Ukifunga alamu, na kikao ufanye: nani atapigiwa, nani anamiliki tochi, nani ataita viongozi. Chuma hakina thamani ya roho ya mtu, hata ya mwizi. Vijana wetu tunawapoteza kwa vitu vya dukani.

Asubuhi yake video ya tukio ilikuwa kwenye grupu la familia. Aliyeituma ni shemeji, na maneno chini yake: "Mradi wetu unaendelea vizuri." Nimeiangalia hiyo "wetu" mara kadhaa.

Kwa hiyo, wadogo zangu, acheni kuniuliza sensa inauzwa wapi. Zinauzwa kila mahali, na mtandaoni zimejaa. Ulizeni kwanza nani analala karibu na chombo chako. Wale vijana wa kijiwe nawalipa kila mwezi, wapate wasipate wizi wa kuzuia, na wenzangu wa biashara hii wananiona nachezea hela. Hao hao ukikutana nao wanasimulia GPS yao ya bei mbaya ilivyowaonyesha skuta ilikopotelea. Kijana, kaa na watu. Salimia wazee wa mtaa, mbukwenyi zako za Kigogo zisikauke mdomoni. Na wateja wako waambie wazi kwamba chombo kinajua kilipo: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na safari za mtu ni taarifa zake. Mimi safari za mwanafunzi simwonyeshi mzazi wala mchumba, na wameshakuja wote wawili.

Ukishafunga kila kitu, fanya jaribio. Chagua usiku wa upepo, mtafute rafiki au ndugu mwenye mkono mwepesi, umwambie akuibie kweli kweli, asikuambie saa. Akifanikiwa, mnunulie nyama choma na umuulize alipitia wapi. Ila waambie mapema mlinzi, kijiwe na balozi, tena na walinzi wa nyumba za jirani, wote kwa majina yao. Binamu yangu mpaka leo hasalimiani na mlinzi wa nyumba ya pili.